Mama Asiyekaa Kwenye Benchi

Niko Stockholm kwa binti yangu, namlea mjukuu wa miaka miwili na nusu. Mtoto huyu hatulii! Mara yuko juu ya meza, mara kamwaga mchele. Nimesomesha zaidi ya miaka 30, lakini huyu kanishinda. Dawa yangu ikawa simu: nampa, ananyamaza, nami napumua.

Alasiri humpeleka bustani ya Vasaparken. Mkabala na bustani, Dalagatan namba 46, ndipo alipoishi Astrid Lindgren, mwandishi wa vitabu vya watoto, tangu 1941 mpaka alipofariki Januari 2002, ana miaka 94.

Alizaliwa 1907 shambani Näs, karibu na mji wa Vimmerby, akakulia kwenye kupanda miti na kucheza mpaka jua likatua. Alipofika miaka 19 alizaa mtoto wa kiume, Lars, nje ya ndoa. Kwa maneno ya watu wa zama zile, alikwenda kujifungulia Copenhagen, akamwacha mtoto kwa mama mlezi, yeye akarudi Stockholm kufanya kazi ya ukarani. Mshahara ulikuwa mdogo. Akipata nauli tu, hupanda treni kwenda kumwona. Miaka mitatu ikapita hivyo, na uchungu wake haukumtoka.

Alipoolewa mwaka 1931 akamchukua mwanawe, alikuwa mama wa aina nyengine. Wenzake wakikaa kwenye benchi kutazama, yeye yumo mchezoni. Lars mwenyewe alipokua alisimulia hivyo.

Mwaka 1941 binti yake Karin, wa miaka saba, aliugua mapafu. Kitandani akabuni jina, Pippi Långstrump, akataka hadithi yake. Mama akamtungia msichana mwenye nguvu za ajabu, asiyeamrishwa na mtu. Mwaka 1944 Astrid aliteleza kwenye barafu akaumia mguu, ndipo akakaa kuiandika. Mchapishaji wa kwanza alikataa. Kitabu kikatoka kwengine mwaka 1945, kikaenea duniani.

Mwaka 1978, akipokea tuzo ya amani Ujerumani, alihutubia dhidi ya kupiga watoto. Mwaka uliofuata Sweden ikawa nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku. Hapo mimi, mwalimu wa bakora, niliinamisha kichwa. Na wanangu nao, wakitaka mchezo, niliwaambia ngojeni nisahihishe madaftari. Wamekua, madaftari siyakumbuki hata moja.

Basi jana simu niliiacha mkobani. Nilifunga mtandio vizuri nikashuka mchangani, magoti yakilia. Tulichimba kisima kwa kijiko cha jikoni, tukakijaza maji kwa kikombe, kikanywa chote, tukajaza tena. Kisha nikawa ngamia. Saa nzima mjukuu hakuuliza simu, na usiku alilala kabla mama yake hajarudi kazini.

Leo kaamka, kaniletea kijiko.