Jigoro Kano: Mwalimu Aliyeanza kwa Kufundisha Kuanguka

Nilipokaa Kericho, katika nchi ya chai, kila penye mazungumzo ya michezo nililisikia jina la marehemu Wilson Kiprugut Chumo. Mwana huyo wa Kericho ndiye aliyeipatia Kenya nishani yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mbio za mita 800, mjini Tokyo tarehe 16 Oktoba 1964. Siku nne baadaye, katika mji huo huo, judo ilichezwa kwa mara ya kwanza katika Olimpiki. Mwasisi wake alikuwa amekwisha kufa miaka 26. Huyo ndiye nitakayemweleza leo, kwani maisha yake yana funzo kwa kila anayewachezesha watoto, wawe wa Bomet au wa Lamu.

Jigoro Kano alizaliwa mwaka 1860 huko Mikage, karibu na Kobe, nchini Japani. Alikuwa mfupi na mdogo wa mwili, na wenziwe shuleni wakimwonea. Mwaka 1877 akaanza kujifunza jujutsu, mieleka ya kale ya kujihami. Mwalimu wake wa kwanza alipofariki alikwenda kwa wa pili, na huyo naye alipofariki akaenda kwa wa tatu.

Mwaka 1882, akiwa na miaka 21 tu, alifungua chuo chake, Kodokan, katika chumba cha mikeka 12 kwenye hekalu mjini Tokyo. Mbinu za hatari aliziondoa katika mapambano ya mazoezi. Tena, kabla mwanafunzi hajamwangusha mwenziwe, alifundishwa kwanza kuanguka yeye mwenyewe: kuupiga mkeka kwa mkono na kukilinda kichwa.

Mwaka 1883 mwalimu wake wa tatu alimpa idhini ya kufundisha. Mwaka huo huo, Kano naye akawapandisha wanafunzi wake wawili daraja ya kwanza, iitwayo dani. Kwetu pwani jambo hili si geni. Mtoto chuoni huanza kwa alifu, hapandishwi mpaka mwalimu wake aridhike. Na mwenye kudarisisha vitabu huulizwa ijaza ya sheikh wake.

Kazi yake hasa ilikuwa elimu. Kuanzia mwaka 1893 alikiongoza chuo kikubwa cha walimu mjini Tokyo kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 1909 akawa mtu wa kwanza kutoka Asia katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Alifariki tarehe 4 Mei 1938 baharini, ndani ya meli Hikawa Maru, akirejea nyumbani baada ya mkutano wa kamati hiyo mjini Cairo.

Baada yake, tamaa ya vikombe iliingia. Huko huko Japani, kati ya mwaka 1983 na 2011, wanafunzi zaidi ya 100 walikufa katika judo ya mashuleni, wengi kwa kuumia kichwa. Mwaka 2013 shirikisho la judo la nchi hiyo likaweka utaratibu wa vyeti kwa walimu wa mchezo. Mwaka 2022 likafuta mashindano ya taifa ya watoto wa shule za msingi, kwa kuwa watoto walikuwa wakikondeshwa ili watimize uzito, na watu wazima wakiutazama ushindi peke yake.

Wakulima wa Kericho wangeyaelewa hayo. Mche wa chai hauchumwi mwaka uliopandwa. Hukatwa kichwa ili utandae, ukangojwa miaka miwili mitatu, kisha ukachumwa kwa miongo mingi. Mwenye pupa hujaza kikapu kimoja, akabaki na kichaka kilichodumaa.

Basi wazazi wenzangu, mtoto anapokwenda uwanjani, tumwulize mwalimu wake alisomea wapi kazi hiyo na nani alimpa cheti, kama tunavyouliza tunapompeleka chuoni. Kikombe cha mtoto wa miaka 10 kinaweza kungoja.