Pierre Romain-Desfossés, mwalimu aliyekataza kukopia

Mara hii tunawaletea maisha ya mtu aliyekufa zamani, lakini jina lake halijapotea kati ya watu wa picha katika Katanga. Ni Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés. Wengi wetu hapa Kasenga hatumjui, ijapokuwa kazi yake kubwa aliifanya Lubumbashi, kule samaki wetu wanakoenda kuuzwa.

Alizaliwa mwaka 1887 katika Brest, mji wa bandari upande wa magharibi wa Ufaransa. Alikuwa ofisa wa jeshi la majini, na tena alikuwa mchoraji. Wajeremani walipoishinda Ufaransa mwaka 1940, yeye alisimama pamoja na Wafaransa wa Jenerali de Gaulle waliokataa kuweka silaha chini. Njia ile ya vita ndiyo iliyomfikisha Afrika. Vita ilipokwisha hakurudi kwao. Alikaa Élisabethville, mji ule ambao tangu 1966 unaitwa Lubumbashi. Alikuwa karibu na miaka 60. Wengi katika umri ule wanatafuta kiti cha kupumzika, lakini yeye alianza kazi mpya.

Mwaka 1946 alifungua mahali pa kujifunza kuchora. Jina la kiofisi lilikuwa refu, chuo cha sanaa ya wenyeji, lakini watu waliita tu Hangar. Na jina hilo ndilo lililobaki mpaka leo. Wanafunzi wake hawakuwa watoto. Walikuwa watu wazima. Pilipili Mulongoy, kwa mfano, alizaliwa mwaka 1914, basi alipoanza alikuwa na miaka zaidi ya 30.

Sasa, alifundisha namna gani? Hapa ndipo penye ajabu. Aliwapa karatasi, rangi na burashi, kisha akawaacha. Hakuweka picha ya Ulaya mbele yao ili waifuate. Hakuwafundisha zile kanuni za kuchora njia inayokuwa nyembamba kule mbali, ao kupima mwili wa mtu kwa rula. Aliwaambia watafute ndani ya mawazo yao na katika vitu walivyoviona tangu utoto: pori, mito, nyama, kazi za vijiji, hadisi za wazee. Hakutaka wamwige yeye, na tena hakutaka waigane wao kwa wao.

Tutazame watatu tu kati yao. Wa kwanza ni Bela, mtu wa kabila la Sara, kutoka inchi ya Tchad. Bela alikuwa mtumishi wake. Naye akaanza kuchora, lakini burashi aliiacha. Alichovya vidole katika rangi na kuvigusa juu ya karatasi, kidole kwa kidole, mpaka majani, wawindaji na nyama wakatokea. Wa pili ni Pilipili. Yeye alipenda nyoka, ndege, mamba na samaki, na nafasi yote nyuma yao aliijaza alama ndogondogo kwa uvumilivu sana, hata usione pahali peupe. Wa tatu ni Mwenze Kibwanga, ambaye alijenga watu na nyama kwa mistari mifupi mifupi inayofuatana, kama vile mtu anayesuka mkeka. Mwalimu mmoja, rangi zilezile, lakini ukiweka picha zao tatu mbele yako, huwezi kukosa kujua hii ni ya nani.

Picha zile zilivuka bahari. Zilionyeshwa Ulaya na Amerika, na nyingine zinatunzwa katika jumba kubwa la vitu vya Afrika kule Tervuren, karibu na Bruxelles. Hata mwaka 2015, walipofanya maonyesho makubwa ya picha za Congo katika Paris, kazi za Hangar zilikuwa ndani.

Lakini, ndugu wapendwa, si vizuri kusifu tu na kufunga macho. Ule ulikuwa wakati wa ukoloni. Mzungu ndiye aliyesema mtu mweusi afundishwe nini na afichwe nini. Romain-Desfossés aliamini kwamba masomo ya Ulaya yangeharibu moyo wa mchoraji Mwafrika. Neno hilo lina utamu, lakini lina uchungu pia. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kupata masomo yale. Wanafunzi wake hawakuulizwa kama wanayataka ao hapana. Katika mji uleule, mwaka 1951, Laurent Moonens alianzisha Academie ya sanaa, na kule walifundisha kanuni za kuchora kama katika shule za Ulaya. Basi watu walikuwa na njia mbili mbele yao, na mabishano juu ya njia hizo hayajakwisha.

Romain-Desfossés alikufa mwaka 1954, palepale Élisabethville, nayo Hangar ikaingizwa ndani ya Academie. Watu wangeweza kufikiri kwamba mzee akiisha kufa, kazi yake itakufa naye. Haikuwa hivyo. Pilipili na Mwenze wakawa walimu katika Academie ile, nao wakafundisha vijana wa nyuma yao. Pilipili aliishi mpaka mwaka 2007. Kwa mawazo yangu hilo ndilo linalomhukumu mwalimu: akiondoka, wanafunzi wake wanaweza kusimama ao wanaanguka?

Kwa nini nimeandika hayo? Juma moja nilisaidia kukusanya daftari za kuchora za wadogo wetu. Nilihesabu nyumba 11 zenye theluji juu ya paa, zote zimetolewa katika kitabu kimoja. Sisi tunaokaa Kasenga, na joto hili! Hakuna hata mmoja aliyechora mtumbwi, ao mama anayekausha samaki, ao mpumbu mmoja wa Luapula. Sikuwacheka, kwa sababu daftari yangu ya mwaka wa kwanza ilikuwa na theluji vilevile.

Sisemi tutupe kanuni. Sarufi ni kanuni, hesabu ni kanuni, na bila hizo hatutapata diploma. Pilipili na Mwenze wenyewe walifanya kazi katika nyumba ya kanuni na hawakupotea, kwa kuwa walikwisha kujua mikono yao inapenda nini. Ninasema tu kwamba kanuni ni chombo, na macho ni yako. Bwana wetu alitoa mfano wa talanta: yule aliyeifukia yake katika udongo hakusifiwa. Na mimi ninaona kwamba mwenye kuchora talanta ya jirani katika daftari yake, naye ameifukia yake.

Kwa hiyo, wadogo zangu, mwalimu akisema mchore nyumba, mwende kwanza mpaka mlangoni, mkatazame nyumba.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa 6