Huizong: Mfalme aliyepoteza taji, sarafu zake zikadumu

MFALME Huizong wa China hakutarajiwa kurithi kiti cha enzi. Alizaliwa mwaka wa 1082 akapewa jina Zhao Ji, naye alikuwa mwana wa kumi na mmoja wa Mfalme Shenzong wa ukoo wa Song. Alitawazwa mwaka wa 1100, baada ya nduguye, Mfalme Zhezong, kufariki bila kuacha mrithi.

Moyo wake ulikuwa katika sanaa. Alichora ndege na maua, akakusanya vyombo vya kale vya shaba, na kubuni mwandiko mwembamba wenye ncha kali uitwao dhahabu nyembamba. Mwandiko huo ndio uliopamba sarafu zake, hasa za kipindi cha Daguan, kati ya 1107 na 1110.

Sarafu za China enzi hizo zilitengenezwa kwa kumimina shaba iliyoyeyushwa katika kalibu. Katikati ziliachwa tundu la mraba la kupitishia kamba, ili zibebwe na kuhesabiwa kwa mafungu.

Hata hivyo, uzuri huo ulificha hila. Serikali yake, ikiongozwa na waziri Cai Jing, ilihitaji fedha nyingi. Ilitoa sarafu kubwa zilizohesabiwa kuwa sawa na ndogo kumi, ilhali shaba iliyomo ilikaribia ya sarafu tatu tu. Walaghai hawakukawia kuona faida. Waliyeyusha sarafu ndogo na kutengeneza kubwa za bandia. Imani ya watu ikapungua, na hatimaye serikali ikalazimika kuzishusha thamani.

Mashaka makubwa zaidi yalitoka kaskazini. Wajurchen walipovamia, Huizong alimwachia mwanawe, Qinzong, ufalme mwanzoni mwa 1126. Mwaka uliofuata, baada ya mji mkuu wa Kaifeng kutekwa, baba na mwana walichukuliwa mateka. Huizong alifariki uhamishoni mwaka wa 1135, mbali na kasri na hazina zake.

Sarafu za ukoo wa Song zilivuka bahari hata kufika pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka wa 1945 akiba yake ilifukuliwa Kajengwa, Unguja. Miongoni mwa wakusanyaji wa sarafu za kale, zile za Huizong husifiwa kwa uzuri wa maandishi. Mkono ulioshindwa kulinda dola ndio uliozipa sarafu hizo thamani ambayo amri ya serikali haikuweza kuzipa.