William Leigh chini ya Mikeno

William Robinson Leigh alizaliwa tarehe 23 Septemba 1866 huko West Virginia, Marekani, katika familia iliyofukarishwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Akiwa na miaka 14 alianza kusomea uchoraji Baltimore, kisha akaenda Munich, alikokaa zaidi ya miaka kumi. Riziki yake huko ilitoka katika picha za duara: turubai kubwa lililozunguka chumba kizima, na mtazamaji akisimama katikati kana kwamba yuko mahali penyewe. Tulikumbuke turubai hilo, maana ndilo lililomleta kwetu.

Aliporudi New York alichorea magazeti. Mwaka 1906 alikubaliana na kampuni ya reli ya Santa Fe: yeye awape picha ya Grand Canyon, wao wampe safari. Tangu hapo akawa mchoraji wa magharibi ya Marekani, na wengi wanamjua kwa farasi na kwa Wanavajo.

Mimi nilimkutia mahali pengine. Mwaka 1926, mwaka aliotimiza miaka 60, Carl Akeley alimwalika Afrika. Akeley alikuwa fundi wa kukausha wanyama katika makumbusho ya elimu viumbe ya New York. Mwaka 1921 alifika milima ya Virunga na bunduki, na sokwe watano wakauawa. Kisha mtu huyohuyo akahimiza walindwe, na mwaka 1925 Mfalme Albert wa Ubelgiji akaanzisha hifadhi iliyopewa jina lake, ambayo leo ni Virunga. Kwa hiyo mwaka 1926 ngozi za sokwe zilikuwa tayari New York. Kilichokosekana ni mlima.

Wapagazi walipandisha mizigo hadi Kabara, kati ya Mikeno na Karisimbi, juu ya mita 3,000. Akeley alifika akiwa mgonjwa, na mwezi wa Novemba akafia hapo, akazikwa hapohapo. Ninayemfikiria ni Leigh. Mwenyeji wake amelala kaburini hatua chache kutoka kambini, na yeye kazi yake haijakwisha. Alibaki, akachora.

Kwao ilikuwa majira ya majani kupukutika. Sisi wa isimu tukitafsiri "automne" tunaandika vuli, lakini vuli ya watu wa pwani ni mvua, na hapa Mikelenge, kando ya Lualaba, sijamsikia mtu akilitumia neno hilo. Tuna mvua na tuna kiangazi, basi. Kabara nayo majani hayakupukutika. Kulikuwa na ukungu na baridi, na miti mikubwa ya hagenia imening'inia kuvu kama ndevu za wazee. Hali hiyo haimfai mtu wa rangi za mafuta: mwanga unakuja, unaondoka, na rangi ya bonde inageuka kabla brashi haijarudi kwenye kibao. Kamera za wakati ule hazikuweza kuhifadhi rangi hizo vizuri, ndiyo maana alihitajika mtu wa kukaa nje na kutazama.

Alirudi Afrika tena mwaka 1928. Kuanzia 1932 alisimamia wachoraji waliokuwa wakihamishia michoro hiyo kwenye kuta zilizopinda za ukumbi wa Akeley, uliofunguliwa 1936. Ule ujuzi wa Munich ulikuwa umepata kazi yake: ukisimama mbele ya kioo, dume la sokwe linajipiga kifua, na nyuma yake ardhi inaendelea mpaka kwenye volkano za Kivu, hujui majani ya kutengenezwa yanaishia wapi na rangi inaanzia wapi.

Nakiri kwamba sipendi hadithi yote. Sokwe wale waliuawa ili waonyeshwe, na mtoto wa Rutshuru anayetaka kuiona picha ya mlima wake anahitaji viza. Lakini siwezi kumweka Leigh fungu moja na wenye bunduki. Hapo Kabara alichukua alichokiona, na mlima ukabaki.

Alifariki New York mwezi wa Machi 1955. Wengi wa farasi wake wako Tulsa, Oklahoma. Mikeno yake bado iko nyuma ya kioo, na taa zake huzimwa jioni makumbusho yakifungwa.