Mzee Kenyatta na Kodi ya Chumba

Wengi wetu wa kidato cha nne hapa Babati twatamani kusoma ng'ambo. Kwa hiyo nawaletea habari za Mzee Jomo Kenyatta.

Mwaka 1931 chama cha Kikuyu Central Association kilimtuma Uingereza mara ya pili. Fedha zilikuwa michango ya wanachama, nazo hazikutosha. Tangu 1933 alipanga chumba Cambridge Street, London, na mara nyingi kodi ilimshinda. Je, alikata tamaa? La! Aliwasaidia wataalamu wa University College kuichunguza lugha ya Kikikuyu, akalipwa. Akaigiza sehemu ndogo katika sinema ya Sanders of the River, iliyotoka 1935. Huku akasoma elimu ya mila kwa Profesa Malinowski, na mwaka 1938 akatoa kitabu chake, Facing Mount Kenya. Mwaka 1964 akawa Rais wa kwanza wa Kenya, akafariki 1978.

Mimi naona hivi: nauli ni mwanzo tu. Kabla mzazi hajauza mahindi yake, tuhesabu naye kodi, chakula na nguo za baridi, mwezi kwa mwezi.