Forssmann: Tabibu aliyepenyeza mpira hadi moyoni mwake

MGONJWA anaponusurika mshtuko wa moyo, madaktari hukabiliwa na swali zito: je, misuli iliyokosa damu imekufa, au imezimia tu na itaamka mishipa ikizibuliwa? Jibu hutafutwa kwa picha, na historia ya kuuchungulia moyo wa mtu aliye hai haiandikiki bila kumtaja Mjerumani Werner Forssmann.

Alizaliwa jijini Berlin mnamo Agosti 29, 1904, na kusomea udaktari huko huko. Mwaka wa 1929, akiwa daktari chipukizi katika hospitali ya mji mdogo wa Eberswalde, alishikilia kuwa moyo ungeweza kufikiwa kupitia mshipa wa mkono bila kumdhuru mgonjwa. Mkuu wake alimkataza katakata, hata kujijaribia mwenyewe.

Forssmann hakutii. Muuguzi aliyetunza vifaa alijitolea kufanyiwa jaribio hilo. Akamfunga kwenye meza ya upasuaji, kisha kwa hila, ambayo ni vigumu kuitetea, akaupasua mkono wake mwenyewe na kuingiza mpira wa kutolea mkojo. Alipomfungua, muuguzi alighadhibika, lakini aliandamana naye kushuka ngazi hadi chumba cha eksirei. Hapo, akitazama kwa kioo, daktari huyo aliusukuma mpira kiasi cha sentimita 65 hadi ukaingia moyoni. Picha ikapigwa, ushahidi ukapatikana.

Badala ya sifa alivuna kejeli. Hospitali kuu ya Charité, Berlin, haikumpa nafasi ya kuendeleza kazi hiyo. Mnamo 1931 alichapisha majaribio ya kutia dawa ya kung'arisha picha ndani ya moyo, kisha akageukia maradhi ya njia ya mkojo. Doa lisilofutika ni kwamba alijiunga na chama cha Nazi mwaka wa 1932. Alihudumu vitani kama daktari wa jeshi, akatekwa na Wamarekani.

Wakati huo André Cournand na Dickinson Richards, jijini New York, walikuwa wameikuza mbinu yake. Mwaka wa 1956 watatu hao walituzwa Nobel. Forssmann wakati huo alikuwa akitibu wagonjwa wa mkojo mjini Bad Kreuznach. Miaka miwili baadaye, Mason Sones wa Cleveland, Marekani, alifaulu kupiga picha za mishipa inayolisha moyo wenyewe, na hapo ndipo swali la misuli iliyozimia lilipoanza kupata uzito.

Forssmann alifariki Juni 1, 1979, mjini Schopfheim. Aliuawa na maradhi ya moyo.