Adolph Murie, mtafiti aliyewatetea mbwa mwitu kwa kuwatazama

Msikilizaji wetu, ukiishi jirani na hifadhi unalijua swali hili vizuri: wanyama wanaokula nyama wauawe ili wale wanaokula majani wabaki? Leo tunakuletea maisha ya Mmarekani mmoja aliyetumwa kulijibu swali hilo. Hakuanza na maoni yake, alianza kwa kutazama.

Adolph Murie alizaliwa mwaka 1899 katika jimbo la Minnesota. Kaka yake, Olaus, alikuwa mtafiti wa wanyamapori, na mwaka 1922 Adolph alimfuata Alaska, jimbo la Marekani lililo kaskazini kabisa, kumsaidia kazi. Huko ndiko alikoiona kwa mara ya kwanza hifadhi iliyoitwa wakati huo Mount McKinley, ambayo siku hizi inaitwa Denali. Baadaye alisoma hadi kupata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Michigan, mwaka 1929.

Miaka hiyo mbwa mwitu alihesabiwa kuwa adui. Hapa hatumzungumzii mbwa mwitu wa Afrika mwenye mabaka na masikio ya duara, bali yule wa nchi za baridi, mwenye manyoya mazito. Katika hifadhi ya Yellowstone, askari wa hifadhi wenyewe waliwaua hadi wakaisha, na watoto wa mwisho waliuawa mwaka 1926. Huko McKinley, kondoo mwitu weupe wa milimani walipungua sana, na watu wengi wakapaza sauti kwamba mbwa mwitu nao wamalizwe. Idara ya hifadhi iliamua kwanza kupata ukweli, ikamtuma Murie.

Alifika Aprili 1939, theluji ikiwa bado imetanda. Alitembea kwa miguu mabondeni na milimani, akiwa na darubini na daftari. Mwaka uliofuata mkewe, Louise, na watoto wao wadogo waliishi naye kwenye kibanda cha magogo kando ya mto East Fork.

Majira ya machipuko ndiyo wakati mzuri wa kazi kama hiyo. Theluji inayeyuka, kondoo wanazaa, na mbwa mwitu wanatulia mahali pamoja kwa sababu wana watoto shimoni. Mei 1940 Murie alipata shimo la namna hiyo. Akawa anakaa mbali, ng'ambo ya mto, akitazama kwa saa nyingi, mara nyingine usiku kucha. Kule kaskazini, usiku wa majira hayo hauingii giza kabisa.

Alichokiona kiliwashangaza wengi. Jioni wakubwa walikusanyika, wakatikisa mikia, wakalia pamoja, kisha wakaenda kuwinda. Jike mwingine alibaki kuwaangalia watoto ili mama yao apate kwenda na wenzake. Siku moja Murie aliingia kwenye shimo lenyewe akamchukua mtoto mmoja amlee na kumchunguza. Wazazi walibweka na kulia kwa mbali, lakini hawakumgusa.

Ila jibu la swali alilotumwa halikuwa shimoni peke yake. Murie alichunguza kinyesi cha mbwa mwitu kujua wanakula nini, na akaokota mafuvu ya kondoo zaidi ya 800. Pembe za kondoo hao zina pete zinazoonyesha umri. Alipozihesabu aliona kwamba waliokufa walikuwa hasa wachanga, wazee, au wenye ugonjwa wa taya na meno. Kondoo wenye nguvu walikuwa wachache. Tena, aliona kwamba kupungua kwa kondoo kulichangiwa sana na theluji nzito ya mwanzoni mwa miaka ya 1930. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1944, na ni miongoni mwa tafiti za kwanza za kina kuhusu mbwa mwitu porini.

Kelele hazikuisha hapo. Mwaka 1945, kondoo wakiwa wachache mno na wanasiasa wakishinikiza, Murie mwenyewe alikubali mbwa mwitu wachache wapunguzwe kwa muda. Wapo wanaoliona hilo kama kurudi nyuma. Lakini shinikizo la kuwamaliza wote halikufanikiwa, na katika miaka ya mwanzo ya 1950 uuaji huo ndani ya hifadhi ulisimama.

Murie alirudi McKinley karibu kila majira ya joto, akiwatazama dubu, ndege na kulungu. Katika uzee wake alipinga mpango wa kuipanua na kuitia lami barabara ya hifadhi. Kazi ilisimama baada ya lami kufika takribani kilomita 24 tu, na hadi leo sehemu kubwa iliyobaki ni ya changarawe. Alifariki mwaka 1974.

Kwetu sisi, somo lake linaeleweka. Mfugaji akipoteza ndama, uchungu wake ni wa kweli na asibezwe. Lakini kabla ya kunyoosha kidole kwa fisi au simba, inafaa kuuliza pia kuhusu ukame, magonjwa na malisho. Murie alihesabu mafuvu kwanza, ndipo akasema.